Nafasi ya Saba

Lami ikifika imepoa, haifai hata kwa kulaani.
Nilijifunza hilo Lanet, mwaka wangu wa kwanza,
ndani ya gamubuti za marehemu kaka,
namba mbili zaidi, nimezijaza magazeti.
Lami ni kama ugali: ina dakika zake.
Zikipita, unasonga jiwe.

Maegesho haya, nyuma ya zahanati, Section 58,
tuliyawekea lami Jumanne moja ya Februari.
Bwana Gathogo alitoa rula mfukoni, ya mwanawe wa shule,
akaidunga, akasoma, akatikisa kichwa:
nene mno hii, mnanizikia pesa.
Kutoka vidole vitatu tukashuka viwili.
Kutoka viwili, baada ya soda, kimoja na nusu.
Sauli wa rola alinitazama.
Nami nikamtazama.
Tukamwaga.

Reki ilikuwa yangu.
Watu hudhani kazi ni ya rola, kwa sababu ndiyo inayonguruma.
Rola hukandamiza tu yaliyokwisha kuamuliwa;
reki ndiyo huyaambia maji yaende wapi.
Acha kibonde cha upana wa sahani
na mvua ya Aprili itakikumbuka.

Jioni yalikuwa meusi, sawasawa, yanameta,
na harufu ile inayokaa kwenye nywele hadi Jumapili.
Watoto walivua kandambili kupima joto kwa nyayo.
Tuliwafukuza. Wakarudi.

Mei, ufa.
Nafasi ya saba, mwembamba kama uzi wa kushonea.
Nikamwambia: Gathogo, mji huu hauna sakafu.
Tumekalia majivu ya Menengai,
mlima uliotapika ukasahau kupangusa mdomo.
Maji yakipata mlango, huyabeba majivu punje kwa punje,
na juu ardhi hubaki imebana pumzi.
Akaniuliza: kuziba ni ngapi?

Hivyo ndivyo nilivyopata mwajiri.
Kila mwaka kabla ya masika hunipigia,
naja na kopo, jiko, brashi ya waya.
Nausugua ufa, naufukua: mchanga, mizizi ya magugu,
kifuniko cha dawa ya kikohozi,
mara moja utepe wa mkononi wa mtoto mchanga,
jina limefutika, uzito umebaki.
Naupuliza hadi ukauke.
Namimina polepole,
kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakutuambia habari za anayeziba kila mwaka.
Yeye hujenga nini?
Mimi: karo ya Nelima, miaka minne.
Bati kumi na nane, Kaptembwo.
Miwani ya mama.
Kuna usiku niliuombea ufa, Mungu anisamehe,
usipone.

Mwaka huu umefika nafasi ya tisa.
Kopo likaisha, ufa haujajaa.
Nikaongeza la pili. Likaenda bila kuaga.
Nikalala kifudifudi, saa saba mchana,
sikio kwenye lami inayochoma,
nikadondosha kokoto.
Moja.
Mbili.
Nilifika tatu ndipo ikagonga,
na si jiwe iliyogonga, ni maji.

Gari la wagonjwa lilikuwa linaingia,
kinyumenyume, kuelekea saba, kama kawaida yake.
Nikasimama nyuma yake, mikono juu.
Odera dereva akatoa kichwa dirishani:
Nasimiyu, toka kwenye nafasi!
Sikutoka.
Simu ikaanza kulia mfukoni, Gathogo,
na nilijua swali lake kabla ya kuipokea,
kwa hiyo sikuipokea.

Nikachukua rangi nyeupe ya mistari,
ile tunayotumia kuwagawia watu mahali pa kusimama,
nikachora mduara kutoka sita hadi kumi,
mnene,
bila rula ya mtu.